Mbwa Aliyeachiwa Egidio

Pianlungo, 16 Januari 1955

Mdogo wangu Egidio,

Salamu kutoka nyumbani. Nyumba siku hizi ni mimi, ng'ombe wawili, na shangazi Marta anayekuja kila jioni kuota moto wangu na kuulaumu kuwa hauwaki vizuri. Theluji imefika kwenye dirisha la zizi. Ng'ombe wetu Bigia ana mimba tena. Padri anauliza kama huko Uswisi mnapata misa. Nimemwambia mnapata, sijui kama nimesema kweli.

Hakuna aliyekulaumu kwa kukosa mazishi. Kila mtu anajua njia ya mlima ilikuwa imefungwa. Wawindaji wa bonde zima walikuja na mbwa wao, wakasimama nje ya kanisa kofia mkononi, na hakuna mbwa aliyebweka. Baba angefurahi.

Sasa jambo lenyewe. Siku moja kabla ya kufa, Baba aliniita nimwinue mto. Akasema, "Yule mtoto wa mwisho wa mbwa wangu Stella ni wa Egidio. Na bunduki ni ya Egidio." Nikamwuliza, "Na mimi, Baba?" Akasema, "Wewe una nyumba." Nilikuwa nimeshika bakuli la supu. Nikaendelea kumlisha.

Baada ya mazishi binamu Tranquillo alikuja akaitoa bunduki ukutani aende kukutunzia kwake. "Nyumba isiyo na mwanamume haikai na bunduki, Ersilia. Usininunie." Ukutani imebaki alama yake, nyeupe kuliko ukuta.

Mbwa yuko hapa. Ni jike, mweupe mwenye madoa ya kijivu, nimemwita Brina kwa sababu rangi yake ni ya umande ulioganda. Stella mwenyewe alikufa kabla ya Krismasi, kwa hiyo huyu ndiye wa mwisho wa damu ile aliyoitunza Baba maisha yake yote. Nijulishe unataka nimfanye nini.

Dada yako,
Ersilia


Kambi ya handaki, Uswisi, 6 Februari 1955

Dada Ersilia,

Nimeisoma barua yako kitandani, viatu miguuni, maana hapa viatu vikivuliwa havivaliki tena kwa baridi. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: tunatoboa mwamba, tunalipua, tunasubiri vumbi litulie, na msimamizi hapendi kusubiri. Tunakula viazi. Nimeota jibini lako mara nyingi kuliko ninavyowaota watakatifu.

Kuhusu Brina, umetunza mbwa wa Baba tangu ukiwa msichana, kwa hiyo mfundishe mpaka nije. Nitakuja Pasaka. Mambo ni yale ya Baba. Kwanza bawa la kwale kwenye fimbo, mpaka ajifunze kuganda badala ya kurukia. Halafu neno "tulia," na kamba ndefu. Asifukuze kuku. Asilale ndani.

Nakutumia vitu viwili. Kimoja ni shati langu la kazi ambalo halijafuliwa. Mtandikie alale juu yake, aijue harufu ya mwenyewe. Kingine ni filimbi ya dukani. Itumie hiyo tu, usimwite kwa mdomo, ili nikija niipige na yeye aje kwangu bila kujiuliza.

Msimu ukifunguliwa Septemba nataka kupanda naye mlima wa Corna Rossa mbele ya wote. Wajue mbwa wa baba yetu Bortolo bado wana mtu.

Mdogo wako,
Egidio


Pianlungo, 20 Machi 1955

Mdogo wangu Egidio,

Bigia amezaa dume, kwa hiyo ameenda kwa mchinjaji. Marta ameanguka kwenye ngazi za kanisa, hakuvunjika, ila sasa tunasikia habari za goti lake asubuhi na jioni. Paa la banda la juu limebonyea kwa theluji na nimelisimamisha kwa gogo.

Shati lilifika. Filimbi ilifika, inalia vizuri.

Brina ana akili kuliko Stella. Nilifunga bawa kwenye fimbo ya kuvulia samaki nikalipitisha juu ya nyasi. Siku ya kwanza alilirukia, ya pili alilirukia, ya tatu akaganda, mguu mmoja hewani, mkia umenyooka, anatetemeka mwili mzima ila miguu haisogei. Nikamwambia "tulia," nikazunguka mbele yake polepole kama Baba alivyokuwa akifanya. Hakusogea mpaka nilipomgusa shingo.

Tranquillo alikuwa ameegemea ua, anatazama. Akasema, "Unamfundisha nini huyo, kufuma soksi?" Nikamwambia, "Namfundisha kunyamaza. Nikimaliza naye naanza na wewe." Akacheka, lakini akaondoka.

Jambo moja. Mbwa wa kwale lazima azoee mlio wa bunduki mapema, taratibu, wakati wa chakula, kwanza mbali halafu karibu. Unajua hilo. Mwambie Tranquillo anirudishie bunduki. Nitaipiga mwenyewe kutoka upande wa pili wa kijito wakati Marta anamlisha. Risasi chache tu zinatosha.

Wanakungoja Pasaka.

Ersilia


Kambi ya handaki, 2 Mei 1955

Dada Ersilia,

Pole kwa goti la shangazi, na kwa masikio yako.

Pasaka sikuja, kama ulivyoona. Kulikuwa na kazi. Sasa nimeambiwa Agosti, lakini usiwaahidi watu. Nimekuwa na mafua yasiyokwisha, ni hewa ya hapa.

Bunduki, hapana. Si kwamba sikuamini. Lakini hebu fikiria: mwanamke amesimama kijitoni na bunduki, na wanaume wa Pianlungo wanapita kwenda shambani. Watanicheka mimi, si wewe. Tranquillo ndiye atakayepiga. Nimemwandikia. Wewe mshike mbwa tu.

Huniambii kama anaijua filimbi.

Egidio


Pianlungo, 19 Juni 1955

Mdogo wangu Egidio,

Tumepandisha ng'ombe malishoni. Uyoga umewahi mwaka huu. Marta anasema ni dalili ya vita, lakini kwake hata mkate ukiungua ni dalili ya vita. Nimepanda viazi kando ya njia na kunguru hawajavigusa.

Nimempeleka Brina Corna Rossa mara kadhaa alfajiri, kabla ya kukamua. Mara ya kwanza alikimbia ovyo kama mtoto aliyeachiwa soko. Mara ya pili upepo ulishuka kutoka kwenye mawe, akageuza kichwa kama aliyeitwa kwa jina, akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Halafu akaganda. Niliinama nyuma yake nikatazama alikokuwa anatazama na sikuona kitu. Nilisogea mbele. Kwale walikuwa chini ya jiwe, hatua chache tu, kundi zima. Waliporuka alitaka kuwafuata, nikasema "tulia," akakaa. Alikuwa analia kwa hamu lakini akakaa.

Baba alikuwa akituambia mezani jinsi ilivyo. Mimi nilikuwa naondoa sahani. Sikujua kwamba moyo unapiga hivyo.

Tranquillo alikuja mara moja na bunduki. Alinuka pombe ya grapa, na alitaka kupigia mlangoni pa zizi kwa sababu hakutaka kuvuka kijito na kulowesha viatu. Nilimwambia aende nyumbani. Kwa sasa nagonga vifuniko vya sufuria wakati anakula, na hashtuki hata kidogo.

Bahasha yako ya mwisho ina muhuri wa mji mwingine. Umehama kambi?

Ersilia


24 Julai 1955

Dada,

Salamu kwa wote. Agosti haitawezekana. Nitakuja kwenye ufunguzi wa msimu, hilo ni hakika.

Sufuria si bunduki. Usiniandikie habari za sufuria. Nataka neno moja tu: amezoea mlio au hajazoea? Kama hajazoea, mpe Tranquillo mbwa akakae kwake mpaka Septemba.

Egidio


Pianlungo, 14 Agosti 1955

Mdogo wangu Egidio,

Kesho ni sikukuu, kwa hiyo nakuandikia leo mikono ikiwa na unga. Nyasi zote zimeingia kabla ya mvua, isipokuwa za kule juu. Marta amegombana na mtunza kanisa kuhusu mishumaa na sasa anasali amempa mgongo. Ng'ombe wanatoa maziwa vizuri. Nimekuwekea jibini mbili kwenye ubao wa juu, zile za malisho ya juu unazozipenda, na moja ndogo ya mbuzi. Nimefua mashuka ya chumba chako na kuziba ufa wa dirisha.

Hujanijibu kuhusu ule muhuri.

Amezoea. Usihangaike. Hana haja ya kwenda kwa Tranquillo.

Ersilia


Pianlungo, 25 Septemba 1955

Egidio,

Mvua imeanza. Wote hapa ni wazima.

Uliondoka na basi la asubuhi bila kuniaga, na jibini zako ziko pale pale ubaoni. Kwa hiyo nakuandikia nilichokiona mimi, kwa sababu ulichokiona wewe hukuniambia.

Siku ile ya ufunguzi niliwapikia ugali wa polenta na maziwa, wewe na Tranquillo na wengine. Hamkuniomba nipande nanyi, nami sikuomba. Nilibaki nakamua. Nilisikia mlio mmoja kutoka Corna Rossa, na nikajua ni bunduki ya Baba, maana nimeisikiliza toka utotoni. Sikusikia wa pili. Baada ya muda Brina akaja anashuka njia kuu, ameburuta kamba, mkia katikati ya miguu, akapita mbele ya baa ambako wazee wote walikuwa wamekaa nje. Akaingia zizini akajichimbia nyuma yangu chini ya ndoo.

Tranquillo alivyorudi, alisema mlangoni pa baa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu, "Bwana harusi kabaki mlimani, bibi harusi karudi kwa mama." Walicheka wote. Wewe ulikuja muda mrefu baadaye. Ulikaa kwenye ngazi yetu ya tatu ukijifanya unatazama kanisa. Ulibatizwa katika kanisa hilo, sidhani lilikuwa na jipya.

Nilikuwekea supu. Hukuinywa.

Ersilia


9 Oktoba 1955

Dada Ersilia,

Natumaini mvua haijaharibu nyasi za juu.

Uliniandikia "amezoea."

Nitakuambia ilivyokuwa. Alitafuta vizuri. Alikwenda juu yetu, mbali, akaganda kwenye ukingo wa mawe. Nilichelewa kidogo kumfikia kwa sababu viatu vilinibana. Tranquillo alisema, "Harakisha, atawatimua." Hakuwatimua. Nilifika, kwale wakaruka, nikapiga, mmoja akaanguka. Nilipogeuka mbwa hakuwepo. Nilipiga filimbi. Nilikuwa bado namwona mteremkoni, na hakugeuza hata sikio. Ile filimbi hakuwahi kuisikia maishani, au nakosea?

Na shati langu nimeliona. Lipo kwenye shamba la viazi kando ya njia, umemvika sanamu ya kutishia kunguru. Limemkaa vizuri mabegani. Wenzangu wote walilipita wakilitazama, na jina langu la kambini limeandikwa mgongoni.

Sikuwa na jambo jingine duniani, Ersilia. Nililala kwenye kibanda cha mbao mwaka mzima nikiiwaza ile siku moja. Wewe uliijua na ukaiharibu.

Unajua kinachofanywa kwa mbwa anayekimbia mlio. Baba alikifanya, na kwa mbwa aliowapenda. Ndani kuna barua ya kumpa Tranquillo, haikufungwa, isome ukitaka. Anayo bunduki. Mpe mbwa, afanye siku hiyo hiyo. Sitaki mbegu ile iendelee kwa mbwa mwoga, na sitaki mbwa wa Baba abaki akilinda sufuria.

Egidio


Pianlungo, 6 Novemba 1955

Mdogo wangu Egidio,

Marta ana kikohozi lakini ulimi wake ni mzima. Tumeteremsha ng'ombe. Theluji ya kwanza imeshika juu ya banda.

Nilimwendea Tranquillo. Sikumpa barua yako. Nilimwambia uliyoagiza, na kwamba mbwa nimemlea mimi, kwa hiyo nitamaliza mimi. Alinitazama. Akasema, "Wewe? Utajipiga mguu." Nikamwambia, "Mguu ni wangu." Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mpe bwana, si mbwa tu?" Akanipa bunduki na sanduku la risasi, akanionyesha pa kushika kama vile sikuwa nikiipaka mafuta kila Jumamosi tangu nikiwa na miaka kumi.

Imefanyika. Amezikwa nyuma ya zizi.

Mlitoa bunduki ndani ya nyumba hii kabla mishumaa ya Baba haijaisha. Niliiomba nikakataliwa ili usichekwe. Halafu mkaniuliza kwa nini mbwa haujui mlio. Sina cha kuongeza.

Ersilia


Hospitali ya milimani, Uswisi, 11 Machi 1956

Dada Ersilia,

Hujaandika msimu wote wa baridi na mimi pia sikuandika. Natumaini Marta amepona. Natumaini Bigia ameleta jike safari hii.

Anwani unayoiona hapo juu ndiyo ile ya muhuri. Nilikuja hapa mara ya kwanza wakati wa Pasaka ile. Ni vumbi la handaki. Daktari anasema limekaa kifuani kama saruji. Tupo wodi nzima ya watu wa bonde letu na mabonde ya jirani. Usiku tunakohoa kwa zamu, kama jogoo.

Viatu havikunibana. Nilikaa juu ya jiwe nikikohoa na kutema, na Tranquillo akadhani nimelewa. Nilimwona Brina juu yangu wakati wote huo. Ersilia, alinisubiri. Upepo ulimpiga, kwale walikuwa puani pake, nami nilipanda hatua tatu nikakaa, nikapanda tatu nikakaa, na yeye hakusogea. Sijawahi kuona mbwa wa Baba akisimama vile. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri vile.

Nilipokuandikia Oktoba nilikuwa na hasira za mtu anayejua hatapanda tena.

Tranquillo ameniandikia. Anasema bunduki hujamrudishia, na kwamba baadhi ya asubuhi anasikia mlio mmoja kutoka upande wa banda la juu, mwanzo mbali, siku hizi karibu. Anauliza nyumba isiyo na mbwa inafanya nini na bunduki. Theluji ikiyeyuka anataka kwenda kuona.

Mimi siulizi. Kama yu hai, usiandike lolote. Weka unyoya wa kwale kwenye bahasha, basi.

Egidio


Pianlungo, 13 Mei 1956

Mdogo wangu Egidio,

Nimewasomea Marta na padri sehemu ya kwanza ya barua yako. Padri amekuombea misa. Marta alilia, halafu akasema ulipokuwa mdogo ulikataa kuvaa skafu. Bigia ameleta jike.

Ungeniambia Pasaka ile, ningekuja kukutazama. Ningepanda basi na jibini mapajani. Uliniacha nifue mashuka.

Tranquillo alipanda mpaka banda la juu wiki iliyopita. Nilimkuta anazunguka. Nikamwambia, "Umepoteza nini?" Akasema, "Natafuta kinyesi cha mbwa." Nikamwambia, "Umri wako wote, na hicho ndicho umekipata cha kutafuta?" Nilikuwa nimeshakizoa mapema.

Unaniomba unyoya. Nilipoomba bunduki uliniambia watu watacheka. Kwa hiyo sasa naomba mimi tena, mara ya mwisho. Andika kwa mkono wako, mbele ya padri wa hospitali: Brina ni wa Ersilia. Maneno hayo tu, usiongeze hata moja. Akiwa hai au akiwa kaburini, nataka ijulikane alikuwa wa nani. Baadaye uniulize habari za manyoya.

Nakutumia asali. Ichanganye na maziwa ya moto.

Ersilia


Hospitali ya milimani, 19 Agosti 1956

Dada Ersilia,

Asali ilifika na wodi nzima imeonja. Sishuki tena kitandani, isipokuwa wanapobadilisha shuka. Nikifumba macho nasikia kengele za ng'ombe, na muuguzi anasema ni kengele za ng'ombe kweli.

Nimeandika ulichotaka. Padri amesaini. Karatasi iko ndani. Nimeandika hivi: "Mbwa Brina, kama yu hai, ni wa dada yangu Ersilia. Lakini msimu wa kwale binamu yetu Tranquillo amchukue awinde naye, kwa sababu mbwa wa damu ya Bortolo hawezi kukaa bila mwanamume nyuma yake."

Usikasirike. Hiyo ya pili nimeiweka kwa faida yako. Tranquillo aliniandikia akaiomba, na nimeona ana haki. Utakuwa naye mwaka mzima, isipokuwa miezi ile michache. Nani mwingine atampandisha?

Natazama kila bahasha ikija.

Egidio


Pianlungo, 23 Septemba 1956

Mdogo wangu Egidio,

Marta anakusalimu. Goti lake linatabiri theluji mapema. Ndama wa Bigia ni mkaidi na ana paji jeupe. Viazi ni vingi. Sanamu yako bado imesimama, ingawa shati limechanika kwapani, nitalishona.

Siku ya ufunguzi wanaume walipanda upande wa msitu. Tranquillo alirudi mikono mitupu, akakaa nje ya baa na kutangaza kwamba mwaka huu kule juu hakuna kwale hata wa dawa. Sikumbishia.

Karatasi yako nimeisoma yote, pamoja na ile "lakini." Nimeiweka nyuma ya picha ya Baba. Wewe na yeye mmeniandikia usia mmoja.

Basi mbwa amekufa. Alikufa Novemba kama nilivyokuandikia, na Tranquillo akitaka kumchukua, kaburi liko nyuma ya zizi. Nimemwambia hivyo leo, na jembe nimemwonyesha lilipo.

Jioni tunawasha mshumaa kwa ajili yako, mimi na Marta, upande ule wa kanisa ambao haugombani na mtunza kanisa. Njia ikiwa wazi nitakuja kabla ya theluji. Usinisubiri dirishani, kuna upepo.

Nimekufumia soksi za sufu, zivae, usiziweke tu. Kabla ya kuvaa ya kushoto ingiza mkono, kuna unyoya. Niliuokota Corna Rossa Jumanne asubuhi. Ulikuwa bado una joto.

Dada yako,
Ersilia